UCHAMBUZI: Kasi bila mizani ya mwili ni hatari kwa chipukizi wa skii

VIFO vya vijana watatu waliokuwa mazoezini, vilivyotokea katika muda usiozidi mwaka mmoja, viliutikisa ulimwengu wa skii, mchezo wa kuteleza kwenye theluji kwa mbao mbili zilizofungwa miguuni.

Mnamo Oktoba 2024, Matilde Lorenzi wa Italia, aliyekuwa na umri wa miaka 19, alianguka akifanya mazoezi kwenye barafuto la Val Senales na akafariki. Aprili 2025, Ufaransa ilimpoteza Margot Simond, msichana wa miaka 18, katika mji wa Val d'Isère. Septemba mwaka uo huo, Matteo Franzoso, Mwitaliano wa miaka 25, alifariki baada ya kuanguka mazoezini nchini Chile.

Misiba hiyo ilizua mjadala mkali kuhusu nyavu za usalama katika viwanja vya mazoezi, ambavyo mara nyingi havina ulinzi kama ule wa viwanja vya mashindano. Aidha, Shirikisho la Kimataifa la Skii (FIS) lilikuwa tayari limewalazimu washiriki wa mbio za kasi za Kombe la Dunia kuvaa mifuko ya hewa mwilini kuanzia msimu wa 2024-25.

Hatua hizo ni za lazima. Wala hakuna mwenye haki ya kudai kwamba marehemu hao walikosa ujuzi, kwani walikuwa miongoni mwa vijana bora wa mataifa yao. Kwenye kasi kubwa, kosa dogo au kipande kibaya cha theluji huweza kumwangusha hata bingwa.

Hata hivyo, wavu na mfuko wa hewa hufanya kazi mtu akishaanguka. Kuna swali jingine ambalo wazazi, makocha na mashirikisho hawana budi kulijibu: mtoto hufundishwa nini katika miaka kumi ya kwanza, kabla hajafikishwa kwenye kasi hiyo? Je, anajengwa kwanza asimame imara na kupiga kona sawasawa, au anakimbizwa kuelekea kwenye saa na medali?

Jibu lina uzito kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu kona ndiyo roho ya mbio za skii. Katika slalomu na slalomu kubwa, mshindani hushuka mlima akipinda huku na huku kupitia malango yaliyopangwa. Hakuna mahali anapokwenda moja kwa moja kwa muda mrefu. Asiyejua kupiga kona hajui mchezo, hata awe jasiri namna gani.

MZIGO USIOONEKANA

Mtazamaji wa televisheni huona wepesi. Asichoona ni mzigo unaoyakandamiza magoti ya yule anayeshuka.

Tuchukue mfano wa mtoto mwenye kilo 50 anayepiga kona ambayo nusukipenyo chake ni mita 20. Hesabu za fizikia ya shule ya upili zinaonyesha kwamba akiwa na kasi ya kilomita 50 kwa saa, miguu yake inabeba mzigo unaokaribia kilo 70. Kasi ikifika kilomita 60, mzigo huwa takriban kilo 87. Ikifika kilomita 70, mzigo unapita kilo 105.

Yaani kasi imeongezeka kwa kilomita 20 tu, ilhali mzigo umeongezeka kwa zaidi ya nusu. Kisha sehemu kubwa ya mzigo huo hukaa juu ya mguu mmoja, na juu ya ukingo mwembamba wa chuma unaouma barafu.

Ndiyo maana wataalamu wa mchezo huu hawachoki kurudia jambo moja kwa watoto: simama juu ya ubao wa nje. Mtelezaji anayepinda kushoto hubebwa na mguu wa kulia, na anayepinda kulia hubebwa na mguu wa kushoto. Ubao wa ndani humsindikiza tu.

Sababu yake ni rahisi. Anayepinda husukumwa kuelekea nje ya kona, kama abiria wa matatu anavyosukumwa ubavuni mwa gari dereva akikata kona ghafla. Mguu wa nje ndio ulio upande wa msukumo huo, hivyo ndio wenye uwezo wa kuupinga. Mtoto akiulalia mguu wa ndani, ubao wa nje hupoteza uzito, huanza kuteleza kando, na mara moja anajipata ubavu chini.

Balaa ni kwamba silika ya binadamu humwelekeza kinyume. Akiuona mteremko mkali mbele yake, mtoto hurudi nyuma na kuuegemea mlima, akitafuta usalama palipo na ardhi. Kufanya hivyo kunaziondolea ncha za mbao uzito, na mbao zisizo na uzito mbele hazisikii amri. Usalama wake, kinyume na hofu inavyomwambia, uko mbele na uko nje.

Mwendeshaji bodaboda anapokata kona huinama mwili mzima pamoja na pikipiki yake. Mtelezaji hodari haigi hivyo. Miguu yake hulala kuelekea ndani ili kingo za mbao zing'ate theluji, lakini kiwiliwili hubaki kimesimama zaidi, mabega yakiwa sambamba na mteremko na kifua kikitazama bondeni. Hapo uzito wote unashukia ubao wa nje.

Kujifunza tofauti hiyo ndogo huchukua miaka. Hakuna njia ya mkato.

THELUJI HAISEMI UONGO

Kocha mwenye jicho hahitaji mitambo ya gharama kumpima mtoto. Humtuma ashuke, kisha hutazama nyayo alizoacha nyuma.

Kona iliyokatwa vizuri huacha mistari miwili myembamba, kama iliyochorwa kwa kisu. Kona iliyoburutwa huacha mfagio mpana wa theluji iliyokwanguliwa. Kila mfagio ni breki, na kila breki ni muda uliopotea.

Isitoshe, mahali mfagio ulipoanzia pana maana. Mtoto asiye na subira huelekea moja kwa moja kwenye lango, kisha hushtuka na kupinda akiwa tayari amelipita. Theluji hurushwa chini ya lango, naye anachelewa kwa lango linalofuata, na lile la tatu huenda akalikosa kabisa. Anayejua kazi yake huanza kona juu ya lango. Akilifikia, sehemu kubwa ya kona imekwisha na mbao zake tayari zinalitazama lango lijalo.

Mazoezi ya kurekebisha kasoro hizi si siri. Yapo yanayofanywa kila siku katika vilabu vya Austria, Uswisi, Italia, Norway na Marekani, na mengi hayahitaji lango hata moja.

La kwanza ni kuinua mkia wa ubao wa ndani huku ncha yake ikigusa theluji, na kushikilia hivyo mpaka kona iishe. Zoezi hili ni hakimu asiyepokea hongo. Mtoto aliyeegemea ndani hawezi kulikamilisha, kwani atauangusha ubao huo upesi ili asianguke yeye mwenyewe.

La pili ni kuteleza kwa ubao mmoja, mguu wa kulia kisha wa kushoto. Karibu kila mtoto ana upande ulio dhaifu, na bila zoezi kama hili ataufunika udhaifu huo mpaka siku atakapokutana na barafu ngumu.

La tatu ni kuporomoka kando. Mtoto husimama mbao zikiwa zimeukingama mteremko, akazilegeza kingo ateleze chini polepole, kisha akazibana na kusimama pale alipoambiwa. Anayemudu jambo hili ameanza kuujua ukingo wa chuma kama fundi seremala anavyoijua randa yake.

La nne ni kushika fimbo zote mbili kwa mlalo mbele ya kifua. Fimbo zikiinama kuelekea mlimani, mabega yameanguka ndani. Zikigeuka pamoja na mbao, kiwiliwili kinazungushwa badala ya miguu. Mtoto hujiona mwenyewe na kujirekebisha.

La tano ni kulegeza vifungo vya juu vya buti na kupiga kona za taratibu kwenye mteremko mpole. Buti gumu humsaidia anayeegemea nyuma kuficha kosa lake. Likilegezwa, hana pa kujificha, na hujifunza kusimama kwa kukunja kifundo cha mguu, ugoko ukigusa ulimi wa buti.

Hatimaye huja vijiti vifupi vilivyopangwa kwenye mteremko mpole, ili mtoto ajifunze wakati wa kuanza kona bila hofu ya kugongwa na mlingoti usoni. Lango refu, mteremko mkali na saa hufuata baadaye, kwa mpangilio huo.

Buti nalo lisisahauliwe. Mzazi anayemnunulia mtoto buti kubwa ili alitumie misimu miwili hajaokoa fedha. Mguu unaocheza ndani ya buti huchelewesha kila amri inayotumwa kwa ubao, na mtoto huishia kupinda kwa kuzungusha kiuno na mabega. Vivyo hivyo, buti gumu la watu wazima kwa mtoto mwepesi humzuia kukunja kifundo, likamrudisha nyuma.

ZANA HAZITOSHI

Kuna wanaoamini kwamba zana za kisasa zimemaliza kazi. Kweli, mbao za siku hizi zina kiuno chembamba na ncha pana, hivi kwamba zikilazwa kwenye ukingo hupinda zenyewe. Mtoto wa leo huonja kona safi mapema kuliko mtoto wa miaka ya 1980.

Lakini historia ya karibuni inatoa funzo tofauti. Kutokana na wingi wa majeraha ya magoti, FIS ilibadilisha kanuni za mbao za slalomu kubwa kuanzia msimu wa 2012-13. Nusukipenyo cha chini kabisa kwa wanaume kikapandishwa hadi mita 35, na kwa wanawake mita 30. Mbao zikawa nyoofu zaidi na ngumu kupinda.

Ted Ligety wa Marekani alikuwa mstari wa mbele kulalamikia mabadiliko hayo. Msimu ulipoanza huko Sölden, Austria, Oktoba 2012, Ligety huyo huyo alishinda kwa pengo la sekunde 2.75, katika mchezo ambao mshindi kwa kawaida huamuliwa kwa sehemu za sekunde. Mapema mwaka 2013 akatwaa dhahabu tatu katika Mashindano ya Dunia ya Schladming.

Kulikoni? Ubao ulipoacha kumsaidia mtelezaji, tofauti ilibaki kwa yule aliyejua kuanza kona mapema, kuulalia ukingo kwa kina na kubaki juu ya ubao wa nje toka mwanzo hadi mwisho. Waliozoea kubebwa na zana waliachwa nyuma. Kanuni ya wanaume ilikuja kulegezwa hadi mita 30 katika msimu wa 2017-18, lakini hoja ilikuwa imethibitika.

Mfano mwingine ni Mikaela Shiffrin, aliyezaliwa Vail, Colorado, mwaka 1995. Wazazi wake, waliokuwa watelezaji wenyewe, waliamini katika mazoezi mengi na mashindano machache. Wakati wenzake walikuwa wakizunguka majimboni kusaka pointi, yeye alikuwa akirudia kona zile zile kwenye mlima mmoja. Nyumbani alijifunza kuendesha baiskeli ya gurudumu moja, zoezi la mizani ya mwili lisilohitaji hata chembe ya theluji.

Matunda yalionekana Februari 2014 katika Olimpiki ya Sochi. Shiffrin, akiwa na miaka 18, alikuwa akiongoza slalomu alipopoteza mizani katikati ya mshuko wa pili. Alirushwa nyuma, ubao ukapaa, na waliokuwa wakitazama walidhani mambo yamekwisha. Kufumba na kufumbua alirejea juu ya mbao zake, akaendelea, na kushinda kwa sekunde 0.53. Akawa bingwa mwenye umri mdogo zaidi wa slalomu katika historia ya Olimpiki.

Wengi waliita tukio hilo bahati. Bahati ya namna hiyo huandaliwa kwa miaka mingi. Mwili uliokwisha kurudi kwenye mizani mara elfu nyingi mazoezini haumsubiri mwenyewe afikiri. Februari 2025, huko Sestriere nchini Italia, Shiffrin alipata ushindi wake wa 100 katika Kombe la Dunia, idadi ambayo hakuna mwingine, mwanamume au mwanamke, aliyekuwa amewahi kuifikia.

SAA NI MWALIMU MBAYA WA WATOTO

Ikiwa mambo haya yanajulikana, kwa nini vilabu vingi bado huwasukuma watoto kwenye mashindano mapema?

Jibu la kwanza ni fedha. Skii ni mchezo wa gharama kubwa: mbao, buti, tiketi za kupandishwa mlimani, safari na ada za kocha. Mzazi aliyetoa kitita cha fedha hutaka kuona kitu, na matokeo ya mashindano ndicho kitu chepesi kuona. Kona iliyoboreka haina cheti wala kikombe cha kuweka sebuleni.

Jibu la pili ni mfumo wenyewe. Kijana huruhusiwa kuingia katika mashindano ya FIS katika msimu wa kutimiza miaka 16, na kutoka hapo pointi humwamulia nafasi ya kuanzia. Wanaotangulia hupata theluji safi, nao wanaofuata hukuta mifereji iliyochimbwa na waliotangulia. Kwa hivyo, mbio za kutafuta pointi huanza, na wengi huona ni busara kumwandaa mtoto kwa mbio hizo akiwa bado na miaka minane au tisa.

Lakini saa humdanganya mtoto. Katika umri wa miaka 12, aliyebalehe mapema huwa mzito na mwenye nguvu, naye hushuka upesi kwenye mteremko mpole bila kujali mbinu yake. Tafiti zilizofanywa Austria zimeonyesha kwamba watoto waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka huwa wengi kupita kiasi katika timu za vijana, kwa sababu tu wamewazidi wenzao miezi kadhaa ya kukua. Mdogo mwenye mbinu safi hukatishwa tamaa na kuacha. Mkubwa mwenye mbinu mbovu husifiwa, na kasoro yake huota mizizi.

Norway imejaribu njia nyingine. Kanuni za michezo ya watoto za nchi hiyo, zilizopitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1987, zimeweka mipaka iliyo wazi. Orodha za matokeo na viwango hazitumiki kabla ya mwaka ambao mtoto anatimiza miaka 11, na mashindano ya ubingwa wa kitaifa husubiri mpaka miaka 13.

Pamoja na hayo, taifa hilo lenye watu wasiozidi milioni sita lilipata medali 39 katika Olimpiki ya Majira ya Baridi ya mwaka 2018 na 37 katika ile ya 2022, likiongoza dunia mara zote mbili. Ni kweli kwamba Norway ina theluji, ina fedha na ina utamaduni wa skii uliodumu karne nyingi, hivyo kanuni hizo pekee haziwezi kupewa sifa zote. Lakini angalau zimevunja dai kwamba asiyemshindanisha mtoto mapema atakosa mabingwa.

Wapo makocha wenye maoni tofauti, na hoja yao ina mashiko. Wanasema kasi nayo ni somo, na mtoto ambaye hakuionja mapema huiogopa ukubwani. Wanaongeza kuwa mazoezi yasiyo na ushindani huwachosha watoto, ambao kwa asili hupenda kushindana hata njiani kwenda shuleni.

Wana haki, kwa kiasi. Mtoto anayeishi milimani aanze skii hata akiwa na miaka mitatu, acheze, aruke vijilima, ashuke kwenye theluji laini na ile iliyoganda, afukuzane na wenzake. Hayo yote yanajenga mizani kuliko mistari ya malango. Lakini kuanza mapema ni jambo moja, na kugeuzwa mshindani wa kudumu mapema ni jambo jingine.

Mwili unaokua nao una masharti yake. Wasichana hurefuka kwa kasi kubwa zaidi wakiwa na takriban miaka 12, na wavulana karibu miaka 14. Katika kipindi hicho mifupa hurefuka kabla misuli haijaizoea, kitovu cha uzito hupanda, na kijana aliyekuwa akipiga kona maridadi mwaka uliopita huonekana kama amesahau yote. Hajasahau. Anajifunza upya kuuendesha mwili mpya.

Huo ndio wakati wa kupunguza kasi na kurudia misingi. Badala yake, huo ndio wakati ambao vilabu vingi huongeza mashindano. Takwimu za majeraha ambazo FIS imekuwa ikikusanya tangu mwaka 2006 zinaonyesha kuwa goti ndilo kiungo kinachoumia zaidi kwa watelezaji wa kiwango cha juu. Ukano wa mbele wa goti ukikatika, kijana hukaa nje miezi mingi, na wengine hawarudi tena walivyokuwa.

YANATUHUSU NINI?

Msomaji aliye Kisumu au Machakos huenda akauliza haya yote yana maana gani kwa nchi isiyo na mteremko wa skii hata mmoja.

Kwanza, Kenya si mgeni kabisa katika michezo hii. Philip Boit, mkimbiaji wa masafa ya kati, alipelekwa Ufini mwaka 1996 kujifunza skii ya nyika, na miaka miwili baadaye akashiriki Olimpiki ya Nagano nchini Japan. Alimaliza wa mwisho katika kilomita 10, lakini bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway alimsubiri kwenye utepe ili amkumbatie. Boit alirudi Olimpiki mwaka 2002 na 2006.

Miaka 20 baada ya Nagano, Sabrina Simader alikuwa Mkenya pekee katika Olimpiki ya PyeongChang ya mwaka 2018, na mwanamke wa kwanza kuiwakilisha nchi hii katika Olimpiki ya Majira ya Baridi. Alishiriki mbio za milimani, ambazo ndizo za kona na malango.

Tofauti ya wawili hawa inafunza. Boit alianza akiwa mtu mzima, kwa sababu skii ya nyika hudai pumzi na mapafu, na hayo aliyatoa kwenye riadha. Simader alizaliwa Kilifi mwaka 1998, akahamia Austria akiwa mtoto mdogo na kukulia kwenye theluji. Hakuna mkimbiaji mahiri wa miaka 25 ambaye angeweza kuchukuliwa Iten na kufundishwa slalomu kubwa kwa miaka miwili. Pumzi huweza kuhamishwa kutoka mchezo mmoja hadi mwingine. Mizani juu ya ukingo wa chuma hujengwa utotoni, kona baada ya kona.

Hivyo basi, wanaosimamia michezo nchini wakitaka bendera yetu ionekane tena kwenye milima ya theluji, watalazimika kuwatafuta watoto wa Wakenya wanaokulia ughaibuni karibu na milima hiyo, na kuwasaidia wakiwa bado wanajifunza. Kumlipia mwanaspoti nauli na sare wiki chache kabla ya Olimpiki ni sawa na kufika shambani wakati wa mavuno bila kushika jembe. Siku za mazoezi ya kimya, ambazo hakuna kamera wala wanasiasa, ndizo zinazohitaji mfadhili.

Pili, funzo hili linagusa hata viwanja vyetu vya vumbi. Kwa miaka mingi, wadau wa riadha wamelalamika kwamba nyota wengi wa mashindano ya vijana huzimika kabla ya kufika utu uzima. Wapo waliochoshwa na mazoezi ya watu wazima wakiwa bado shuleni. Wapo waliosukumwa na mawakala, walimu au jamaa waliotaka zawadi ya leo. Kosa la mlimani na kosa la uwanjani ni ndugu wa tumbo moja: kuvuna kabla ya kupanda.

Kwa mzazi, kocha au afisa wa michezo, kipimo cha haki ni rahisi. Asiulize mtoto ameshika nafasi ya ngapi. Aulize kama leo anaweza kusimama kwa mguu wake dhaifu kwa muda mrefu kuliko mwezi jana, kama mistari yake kwenye theluji imekuwa myembamba, na kama anarudi nyumbani akitamani kesho ifike.

Kasi itakuja yenyewe, kwa kuwa mlima haujawahi kukosa kasi ya kumpa mtu. Kinachokosekana ni uwezo wa kuipokea, na uwezo huo haununuliwi dukani wala hautolewi na shirikisho. Haraka haraka, walisema wahenga, haina baraka. Kwenye barafu ngumu, haraka hiyo huvunja hata goti.